Nautamani utoto wangu wa Muheza huku nimezungukwa na simu na kompyuta: je, naumwa?

SWALI: Nina miaka 48, baba wa watoto wawili, wa miaka 13 na 9. Nililelewa na babu na bibi kijijini wilayani Muheza, na sasa naishi Tabata, Dar es Salaam, ambako kazi yangu ni kusimamia mifumo ya kompyuta ofisini kuanzia asubuhi hadi jioni. Bibi aliyenilea alifariki miezi 20 iliyopita. Nilikwenda kuzika na kurudi kesho yake kwa sababu ya kazi. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa naandamwa na hamu ya utoto wangu. Usiku familia ikishalala hukaa sebuleni na simu, nikisikiliza zilipendwa na kutazama picha za zamani hadi saa nane. Tulikuwa maskini, lakini tulikula vya asili na hatukuumwa ovyo, tulicheza na tulikuwa pamoja. Nikiwaona wanangu wameinamia simu, napandwa na hasira na kuwaambia kwamba hawajui utoto ni nini. Mwezi uliopita niliwanyang'anya simu kwa siku tano, nyumba ikajaa kununiana. Mke wangu anasema ninaishi zamani. Je, huu ni ugonjwa? Na ninawezaje kuishi na teknolojia, ambayo ndiyo inayonilisha, bila kuusaliti utoto ulionilea?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwanza kwa msiba wa bibi yako. Naanza na pole hiyo kwa makusudi, ingawa wewe umeutaja msiba huo kwa sentensi moja tu na kuendelea na habari za simu za watoto, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta imelala ndani ya sentensi hiyo.

Umeuliza kama huu ni ugonjwa. Wapo waliowahi kuuhesabu hivyo. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu huko Basel, Uswisi, akaipa hali hii jina la kitaalamu, nostalgia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya kurejea nyumbani na jingine maumivu, na akaeleza habari za watu waliokuwa mbali na kwao ambao walidhoofika kwa kuwaza nyumbani tu. Leo hatuitazami hivyo tena. Mwaka 2006 watafiti wakiwamo Tim Wildschut na Constantine Sedikides wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha tafiti zilizoonyesha kwamba watu huingiwa na hamu ya zamani hasa wanapokuwa na huzuni au upweke, na kwamba baada ya kuikumbuka zamani hiyo hujihisi kupendwa zaidi na kuwa karibu zaidi na wenzao. Ni kama kiu. Kiu si maradhi, lakini inatuambia kwamba mwili umepungukiwa na maji, na mtu mwenye kiu hatibiwi kwa kuambiwa aache kufikiria maji.

Kwa hiyo nakuomba uitazame tarehe. Hamu yako haikuanza ulipohamia Dar es Salaam, wala haikuanza siku uliyomnunulia mwanao simu. Kwa maelezo yako mwenyewe ilianza miezi miwili hivi baada ya kumzika bibi. Ulifika, ukazika, ukarudi. Hukukaa matanga, hukulala mkekani na binamu zako mkikumbushana namna bibi alivyokuwa akiwakemea kuku jikoni, na pengine hukuwapo siku ya arobaini. Sisi tuliolelewa na bibi zetu tunajua kwamba matanga si chakula na mikeka tu. Ni siku chache ambazo watu wazima hupewa ruhusa ya kusimulia utoto wao kwa sauti, mbele ya watu waliokuwapo, wakasahihishana, wakacheka, wakalia, kisha wakafagia ua na kurudi makazini. Wewe kazi hiyo umeifanya peke yako, usiku, mbele ya kioo cha simu, kwa mwaka mmoja na nusu. Ndiyo maana haiishi.

Mke wako anaposema unaishi zamani, nadhani anaona dalili sahihi ila ameipa jina lisilofaa. Huishi zamani, uko katika msiba ambao hukuukalia.

Hilo likishakaa mahali pake, tunaweza kuutazama utoto wenyewe kwa macho makavu zaidi. Kumbukumbu haitunzwi kama picha ndani ya sanduku. Kila tunapokumbuka jambo tunaliunda upya, na tafiti nyingi za wanasaikolojia zimeonyesha kwamba uchungu ulioambatana na tukio kwa kawaida hufifia upesi kuliko utamu wake. Watu wa makamo, tena, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 hivi na 30 ya maisha yao kuliko mengi yaliyofuata baadaye. Akili yako, basi, haikudanganyi kwa ubaya. Inafanya kama zinavyofanya akili za watu wote wa umri wako. Hata hivyo ni lazima uijue kazi yake, kwa sababu wewe unaitumia kumbukumbu hiyo kuwahukumu watoto wawili ambao hawana namna ya kujitetea mbele ya Muheza wasiyoiona.

Ulikuwa mtoto mdogo katika miaka ile iliyofuata vita vya Kagera, wakati sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa foleni, familia zikala unga wa njano tuliouita unga wa Yanga, na akina mama wengi wakafua nguo kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Unasema hamkuumwa ovyo. Waliobaki hai ndio wanaosema hivyo, ndugu yangu, nami ni mmoja wao. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walifariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Utafiti wa namna hiyo wa mwaka 2022 ulikadiria 43. Tofauti hiyo imeletwa na chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa bora za malaria, na mambo mengine ambayo bibi yako angeyapokea kwa mikono miwili. Ukimwona binti au kijana wako ameinama juu ya simu, kumbuka kwamba ameinama akiwa hai na mzima, na kwamba hilo pekee lingemfanya bibi yako amshukuru Mungu.

Sisemi haya ili kuuvunjia heshima utoto wako. Ulikuwa na utajiri wa kweli, na nataka tuutafute ulikuwa wapi hasa, kwa sababu wewe unadhani ulitokana na kutokuwapo kwa mashine. Nina shaka na hilo.

Mimi nilikulia Kilosa, na nyumbani kwa babu kulikuwa na mashine moja: redio. Ilikaa juu ya kabati dogo, imefunikwa kitambaa alichokidarizi shangazi, na ilitumia betri nne kubwa. Betri zilipoanza kuchoka hazikutupwa. Kazi yangu, kila siku ambayo sikwenda shule, ilikuwa kuzitoa betri hizo saa nne asubuhi na kuzianika juu ya kipande cha bati kilichokuwa kando ya jiko, kisha kuzigeuza kila baada ya muda kama mtu anayegeuza samaki, hadi zikawa za moto kiasi cha kuzibeba kwa upindo wa shati. Saa mbili kasoro usiku babu alizitia ndani moja moja, akaweka sikio karibu, akazungusha kitufe. Majirani wawili au watatu walikuwa wameshafika na vigoda vyao. Tulisikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, tukasikiliza mazungumzo baada ya habari, na mara nyingi kabla ya kipindi kinachofuata kufika mbali sauti ilianza kuzama, ikawa kama inatoka kisimani, kisha ikapotea. Hapo ndipo wazee walipoanza kuzungumza, na sisi watoto tukasikia hadithi.

Nimeufikiria usiku huo mara nyingi katika kazi yangu ya ushauri. Redio ile ilikuwa teknolojia, tena mpya, na wapo wazee wa wakati huo waliolalamika kwamba imeua ngano za jioni. Haikuua, kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa moja, na kila aliyetaka kuisikia alilazimika kuja na kukaa na wenzake. Pili, ilikuwa na mwisho, na mwisho huo haukuwekwa na hekima ya babu yangu. Uliwekwa na betri. Laiti tungekuwa na umeme, naamini kabisa babu angeisikiliza hadi usiku wa manane kama wewe unavyofanya, na ngano zingesubiri. Hata ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994 na televisheni zikaanza kuingia mitaani, tulijazana madirishani kwa jirani mmoja mwenye nayo, kwa sababu ile ile: chombo kilikuwa kichache, watu wakawa wengi mahali pamoja.

Uhaba ndio uliotukusanya na uhaba ndio uliotuwekea mipaka, nasi tukadhani ni malezi. Sasa uhaba wa namna hiyo umeondoka, na hakuna mzazi mwenye akili timamu anayepaswa kuutamani urudi. Kinachobaki ni kwamba kukusanyika na kuweka mwisho, mambo ambayo zamani yalitokea yenyewe, leo ni lazima mtu ayapange. Huo ndio mzigo wa kizazi chetu cha wazazi, na ni mzigo mgeni, hatukufundishwa kuubeba na yeyote.

Ndiyo maana siku zako tano hazikuzaa kitu. Uliondoa simu na hukuweka chochote mahali pake, wala simu yako mwenyewe hukuiweka chini. Mtoto wa miaka 13 anajua baba analala saa ngapi na kwa nini sebule ina mwanga usiku. Badala ya kunyang'anya, chagueni muda mmoja ambao simu zote za nyumba, yako ikiwa ya kwanza, zinawekwa ndani ya kabati la vyombo, kwa mfano tangu chakula cha usiku kinapoandaliwa hadi vyombo vinapokwisha kuoshwa. Ukipigiwa simu ya dharura kutoka kazini, ipokee ukiwa umesimama pale kabatini, kisha uirudishe. Usiahidi mambo makubwa zaidi ya hapo kwa mwezi wa kwanza. Usinitake nikutajie idadi ya saa zinazofaa kwa siku: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, unaotaja saa moja, unahusu watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa umri wa wanao pima kwa mambo mengine, yaani usingizi, masomo, hamu ya kula, na kama bado wana rafiki wanayemtembelea kwa miguu.

Kabla ya kuilaumu simu, pia, zihesabu saa zao kwa kalamu na karatasi. Watoto wengi wa Dar es Salaam ninaoonana nao hupanda basi la shule kabla jua halijachomoza, hurudi jioni wakiwa wamechoka, kisha kuna kazi za shule, na Jumamosi kuna masomo ya ziada. Ukiondoa hayo yote unabaki na dakika chache ambazo hazitoshi kwenda kucheza popote, nazo ndizo simu inazozijaza. Mwizi wa utoto wao huenda si yule unayemkamata kila jioni.

Nilijaribu mwenyewe kuwarithisha wanangu mchezo wa kombolela. Jumamosi moja niliwatoa watatu wote uani, nikatafuta kopo la maziwa, nikaeleza sheria kwa shangwe kubwa, na baada ya dakika kumi mchezo ulikuwa umekwisha, kwa sababu katika ua wetu wenye ukuta pande zote mtu angeweza kujificha nyuma ya tangi la maji au nyuma ya gari, basi. Nilikasirika kama ulivyokasirika wewe. Baadaye nikaelewa kwamba kombolela haikuhitaji kopo. Ilihitaji watoto kumi na tano, nyumba saba zisizo na ukuta, na watu wazima waliokaa barazani ambao kila mmoja alijua mtoto huyu ni wa nani. Nikazungumza na majirani wawili, tukakubaliana kwamba kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni mageti yetu yatakuwa wazi, na mmoja wetu atakaa nje na kiti kwa sababu ya bodaboda. Wiki ya nne walikuwa watoto kumi na wawili. Hawakucheza kombolela. Walicheza rede kidogo, kisha wakaendelea na mchezo ambao wenyewe waliutoa kwenye simu na kuugeuza kuwa wa kukimbia, wenye sheria ambazo hadi leo sijazielewa. Nilijizuia kuwasahihisha, na nakusihi ujizuie vivyo hivyo.

Lipo jambo jingine ambalo utoto wetu ulikuwa nalo na ambalo hutajwa mara chache: tulihitajiwa. Mtoto wa miaka tisa alitumwa kwa shangazi ng'ambo ya mto na ujumbe ambao ilimbidi aukariri njia nzima asije akaupotosha, na watu wazima walipanga mambo yao kwa kutegemea kinywa chake. Kazi hiyo simu imeichukua. Fedha za nyumbani zilizokuwa zikipelekwa kwa bahasha mkononi mwa mtoto au kwa kondakta wa basi, tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 zinafika kabla hujamaliza kusema. Ni nafuu kubwa, lakini mtoto amebaki bila safari na bila ujumbe. Mpe mwanao wa miaka 13 jambo la nyumba ambalo asipolifanya litaonekana kwamba halikufanyika. Anaijua simu kuliko mama yake. Basi awe ndiye anayemfundisha shangazi wa Muheza namna ya kupiga simu ya picha, aulizwe na kusubiriwa.

Kuhusu usiku wako sebuleni, tambua kwamba programu unazozitumia zimetengenezwa ziendelee kukuletea kile kinachokufanya usiondoke. Ukisikiliza wimbo mmoja wa Atomic Jazz hadi mwisho, utaletewa wa pili na wa kumi, na hakuna betri itakayozama ikakuambia sasa zungumza na mwenzako. Usiache muziki huo. Uhamishe. Upige mchana wa Jumapili kwa sauti ambayo mke wako jikoni anaisikia, nyimbo tatu tu, na useme nani alikuwa akiucheza, alivaa nini na alimuoa nani. Hamu ikishirikiwa hufanya ile kazi ambayo watafiti waliiona. Ikibaki ndani ya hedifoni usiku wa manane inakuongezea upweke ule ule uliokupeleka huko. Na kama baada ya wiki kadhaa za kufanya hivi bado hupati usingizi, chakula hakikupendezi, au unafikia kuona kwamba maisha hayana maana, tafadhali usiendelee kusoma majibu kama haya. Nenda ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili ana kwa ana. Huko Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara yake, na kwenda huko si aibu kwa mtu aliyefiwa.

Nafika sasa kwenye lile ninalolitilia mkazo kuliko yote. Omba likizo mwezi Desemba, siku saba na si mbili, uende Muheza na mke wako na watoto. Usiwapeleke kuonyeshwa utoto wako kama watalii, na usiwatose mtoni kwa sababu wewe uliogelea. Kichocho bado kipo kwenye maji mengi yaliyotuama. Siku ya kwanza nendeni kaburini kwa bibi. Fagieni, ng'oeni majani, kaeni hapo muda mrefu, na ukilia mbele ya wanao usijifiche. Jioni waite binamu na wazee waliobaki, pika chakula cha kutosha, na ukae nao yale matanga ambayo hukuyakaa.

Halafu itoe simu. Wapo wazee pale ambao Kibondei chao, lugha ya huko, watoto wako hawajakisikia hata siku moja, na ambao kesho wanaweza kuondoka kama bibi, usiwe na sauti yao hata ya dakika moja. Mwache mwanao mkubwa ashike simu na arekodi, na mdogo aulize maswali. Msiwaambie wazee wasimulie historia, kwa sababu watanyamaza au watahutubia. Waulizeni juu ya vitu. Nyumba ya kwanza ilikuwa upande gani wa njia? Mchungwa ule aliupanda nani? Bibi alipokuwa msichana aliitwaje na rafiki zake? Wakizungumza Kibondei waacheni wamalize, tafsiri itafuata baadaye ukiwa umekaa na watoto. Kila usiku, kabla ya kulala, mwanao aandike jina la aliyezungumza, tarehe na mahali, kisha anakili faili kwenye kompyuta yako na kwenye simu ya mama yake, maana simu moja huibwa, huanguka majini au hufa. Kazi hiyo ya kutunza unaifahamu kuliko sisi wote, kwa kuwa ndiyo unayolipwa kuifanya ofisini. Mfundishe jinsi unavyoifanya.